Sponji Chini ya Nyuzi

Godoro la sponji lililolowa mkojo lina harufu mbili. Ya kwanza ni ya asubuhi, kali, inayouma macho, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili huja mchana, jua likishalipika godoro juu ya ua. Ni harufu nzito, tamu kidogo, kama maziwa yaliyogandia kwenye nguo ya mtoto, na ikikuingia puani haitoki mpaka jioni. Wiki iliyopita jirani yangu hapa mjini Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, alianika godoro la mwanawe juu ya ua wa matete unaotutenganisha. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikichambua maharage. Upepo wa ziwa ukageuka, ile harufu ya pili ikanifikia, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimetema mate chini, mara mbili, kama mtu aliyemeza inzi.

Sikumtemea mtoto wa jirani. Nyuma yangu, ndani ya nyumba, lilikuwa limeegemea ukutani gitaa la besi la marehemu mjomba wangu. Harufu ile na gitaa lile kwangu ni kitu kimoja.

Mjomba Asukulu, mdogo wake mama, alikuwa mpiga besi wa kwaya yetu. Waliokulia hapa pamoja nami wanamkumbuka: mrefu, shati jeupe limefungwa hadi shingoni, leso iliyokunjwa pembe nne katika mfuko wa kifua. Gitaa alilichonga mwenyewe kutoka ubao mwekundu mzito. Kile kidude cha sumaku kinachosikiliza nyuzi, ambacho sisi tunakiita mikro, alikiunda kwa sumaku ya redio mbovu na waya mwembamba kama unywele. Lilikuwa zuri kulitazama. Lakini likichomekwa kwenye bafli, spika ya kwaya, na betri ya gari, lilikuwa linalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani.

Kiongozi wa kwaya, ambaye sote tulimwita Mwalimu, hakuwa mtu wa kuficha neno.

“Asukulu,” alimwambia mbele ya waimbaji wote, “besi ni babu ya kwaya. Yako iko mbuzi.”

Kwaya ilicheka, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kizingiti cha kanisa nikicheza na vifuniko vya chupa niliona masikio ya mjomba yakibadilika rangi. Tangu siku hiyo hakutulia. Aliihamisha mikro akaisogeza karibu na shingo ya gitaa. Mbuzi akapungua nusu. Akautoa uzi mnene, akaweka waya wa breki ya pikipiki. Shingo ikapinda, ikabidi ainyooshe kwa kuifunga mawe siku mbili. Alikuwa akija kwetu kila alasiri na gitaa begani, akikaa uani akidonoa uzi mmoja, akisikiliza, akitikisa kichwa. Nilimpenda sana. Nasema hivyo mapema ili isije ikaonekana kwamba namsimulia mtu nisiyemjua.

Kisha akapita mpiga besi mmoja wa Fizi-Centre aliyeshuka kwa shughuli zake. Akalichukua gitaa, akalaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, pale chini zinapokalia chuma, akadonoa kwa dole gumba. Sauti ikatoka fupi na nene, bila ule mlio wa bati unaoning’inia nyuma yake.

“Unaona?” akasema. “Uzi wako unasema mingi sana. Ufunge mudomo. Weka sponji hapa chini yake. Mukono unachoka, sponji haichoke.”

Sponji. Katika ukoo wetu mzima godoro la sponji lilikuwa moja tu, lile tulilopewa tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi, ng’ambo ya ziwa, Tanzania. Wengine walilala juu ya mikeka na magunia ya majani. Godoro hilo nililalia mimi, peke yangu, kama binti wa mkubwa. Wageni walishangaa. Sababu yenyewe mama hakuwaambia: nilikuwa na miaka minane na bado nilikuwa nakojoa kitandani, hakuna ndugu aliyekubali kulala nami, na mama aligundua kwamba sponji inakunywa, mkeka haunywi.

Mjomba alikuja mchana na kisu cha kupasulia samaki mkononi, mama akiwa ufukweni akianika ndakala zake, dagaa wa ziwa letu.

“Mupwa wangu,” akasema, “naomba ya kona tu. Kidogo. Haitaonekana.”

Alikata kona, akaibana chini ya nyuzi. Haikufaa. Ilikuwa mpya bado, inaruka, inazisukuma nyuzi juu. Akarudi kwenye godoro akalibonyeza kwa dole gumba, polepole, kutoka ukingoni kwenda katikati, kama mwanamke anayechagua parachichi sokoni. Katikati ndipo palipokuwa na ramani yangu. Sijui niiite vipi zaidi ya ramani: duara juu ya duara, za manjano, za kahawia, na ndani kabisa, pembeni mwa kila duara, mstari mweusi. Pale sponji ilikuwa imeshikana, imekuwa ngumu na nzito. Dole gumba lake likasimama hapo.

Akakata kipande kirefu kama kidole. Akakinusa. Kichwa chake kikaruka nyuma, akakunja uso, kisha akacheka hadi machozi, na mimi nikacheka naye kwa sababu sikujua la kufanya na aibu yangu. Akakipachika chini ya nyuzi, akafunika juu yake kipande cha bati alichokikata kwenye kopo la maziwa, akakaza parafujo mbili.

Halafu akalichomeka kwenye bafli aliyokuja nayo, akapiga.

Mpaka leo nikitaka kuieleza sauti ile naona maneno yananidanganya. Ilikuwa kama mchi unavyotua katika kinu chenye sombe, majani ya muhogo, iliyokwisha kulainika: dum, na hakuna kinachobaki hewani, ila chini, kwenye udongo, unaisikia bado kwa nyayo. Kuku walitoka chini ya meza. Mjomba akanitazama, macho yake yamelowa.

“Umesikia ile?”

“Nimesikia.”

“Ni wewe huyo.”

Mtu mzima ambaye hajawahi kuamka kila asubuhi na neno moja tu la kuambiwa, neno “tena”, hawezi kujua jinsi maneno yale matatu yalivyoniingia. Kitanda kile kilikuwa hakijawahi kunipa chochote zaidi ya vipele mapajani. Sasa kilikuwa kimetoa sauti.

“Usiambie mutu,” mjomba akasema. “Hata mama yako. Ni siri yetu batu babili.”

“Na mi nikiacha kukojoa?”

“Ukiacha?” Alikuwa anapangusa kisu kwenye suruali. “Ukiacha, sponji inakauka, besi inakufa.”

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alimsimamisha mjomba mbele ya kanisa zima, akamshika bega, akauliza ule mlio umetoka wapi. Watu wanapenda ushuhuda. Mjomba akatoa leso yake, akapangusa paji la uso, akasema amefunga siku tatu mlimani bila kula wala kunywa, na siku ya tatu alisikia kitu kikishuka juu ya mikono yake. Kanisa likasema amina. Bamama wa kiti cha mbele walilia. Mimi nilikuwa kwenye benchi la watoto, naisikia amina ile ikinipitia mwilini, na sikuona uongo wowote. Nilidhani hivyo ndivyo wakubwa wanavyotunza siri: wanaifunika kwa kitu kizuri. Ndiyo maana leo inanikera zaidi. Uongo wake haukunipita pembeni. Nilishika upande mmoja wa kitambaa tukafunika pamoja.

Sifa ikapanda. Kwaya ilialikwa Lubondja, ikaalikwa Kilembwe, na kila iliporudi waimbaji walisimulia jinsi wapiga besi wa huko walivyokuja kuitazama mikono ya mjomba. Wengine walitaka aiweke juu ya vichwa vyao. Aliiweka.

Wakati huohuo mama alikuwa anahangaika na mimi. Hakuwa mkali; alikuwa amechoka. Alinikataza maji baada ya jua kuzama, akanipa mahindi ya kukaanga makavu niyale na chumvi. Na ikawa. Asubuhi ya kwanza niliyoamka mkavu aliliinamia godoro akalipapasa kama anayetafuta sindano, kisha akakaa juu yake akacheka peke yake. Siku nne. Wiki. Siku kumi. Mama alikuwa anaimba akifagia.

Nami nilikuwa naona sponji ikikauka.

Niliiona waziwazi, chini ya lile bati la kopo, ikipasuka kama udongo wa kiangazi, na nyuzi zikianza tena kulia mbuzi, na Mwalimu akisema neno lake, na masikio ya mjomba yakibadilika rangi. Siku ya kumi na moja, kabla ya kulala, nilikwenda kwenye bidoni, dumu letu la maji, nikanywa. Kikombe cha kwanza kilikuwa rahisi. Cha nne kilirudi hadi kooni. Nilinywa cha tano nimeshika ukuta.

Asubuhi mama alilikuta godoro limelowa, akalianika. Siku ya pili akalianika tena. Siku ya tatu alinishika kidevu.

“Neema. Ulikuwa umepona. Unakunywa mayi juu ya nini?”

“Sijue, mama.”

“Muntu gani anakutuma?”

“Hakuna.”

“Alors, sikia. Kama Siku ya Posho godoro iko na mayi, nitakutoa kwa batoto ba avenue. Mi nimeshindwa.”

Kila mtu wa kwetu anajua maana ya kutolewa kwa watoto wa mtaa. Ni dawa ya mwisho, baada ya chumvi na mahindi. Wanakuja asubuhi na makopo ya kupiga, wanakutwika godoro lako lililolowa kichwani, na unazungushwa mlango kwa mlango kuomba chumvi huku wanaimba. Wengine hufungwa chura hai kiunoni. Mimi nilisamehewa chura. Inasemekana aibu inaufunga mwili. Posho ndiyo Jumamosi yetu, na kuanzia siku mama aliponena hadi Posho ilipofika nilikuwa na nafasi nne za kuchagua. Mara zote nne nilikwenda kwenye bidoni.

Walikuja kama ishirini. Walioimba kwa nguvu zaidi ni wale niliojua kwamba wenyewe waliacha kukojoa mwezi uliotangulia.

“Mukojozi, toa mutumbwi!”

“Tuvuke!”

“Mukojozi, ziwa imejaa!”

“Tuvuke!”

Godoro lililolowa ni zito kuliko mtoto. Maji yake yalikuwa yananishuka nyuma ya sikio, yakiwa bado na uvuguvugu wangu, yakapita shingoni, yakaingia ndani ya gauni. Nilifumba mdomo nisiyaonje. Nzi walikuja nasi toka nyumba ya kwanza, na harufu ya ndakala zilizoanikwa mtaa mzima ikachanganyika na yangu, hata leo siwezi kuipita beachi, ufuko wa wavuvi, asubuhi bila kuziba pumzi. Kila mlango walinipa chumvi kidogo kiganjani, wakacheka kidogo. Sikulia. Nilikuwa na hakika kwamba njia ile inafika kanisani, na kanisani siku ya Posho kuna mazoezi ya kwaya, na kwenye mazoezi yupo mjomba. Yeye atasema. Atasimama na shati lake jeupe aseme: mwacheni huyu, sauti ninayopiga imetoka kwake. Hata kama hatasema yote. Hata kama atasema tu, mwacheni.

Kwaya ilikuwa nje, chini ya kivuli cha ukuta. Mjomba alikuwa kwenye kigoda, gitaa juu ya paja. Watoto wakanisimamisha mbele yao wakaongeza sauti. Wanawake wa soprano wakajifunika midomo. Mwalimu akafuta miwani yake.

“Asukulu, huyu si mutoto wa dada yako?”

“Ndiye,” mjomba akasema.

Mwalimu akainama akalitazama godoro kutoka chini, kama mtu anayekagua paa. Kona moja haikuwepo. Na katikati, pale kwenye ramani, palikuwa na shimo refu kama kidole, na kando yake jingine jipya zaidi, kwa kuwa mjomba alikuwa amerudi kukata kipande cha akiba. Kingo zote zilikuwa zimenyooka, safi, kama zilizokatwa kwa kisu cha samaki.

“Na hapa? Nani amekata godoro ya batu hivi?”

Mjomba akanitazama. Nataka nimtendee haki: alinitazama vizuri, machoni, kwa muda ambao mtu angeweza kupiga nota nne. Kisha akalisogeza gitaa nyuma ya goti lake. Akatoa ile leso ya pembe nne akaiweka puani.

“Ni panya,” akasema. “Mupeleke mbali, ananukisha kanisa.”

Walicheka wote. Panya anayekata kwa rula, mmoja wa waimbaji wa sauti ya besi akasema, na wakacheka tena, lakini bila kuuliza zaidi, kwa sababu mzaha ulikuwa mtamu kuliko jibu. Mimi nilikuwa natazama leso. Ilikuwa nyeupe sana. Aliishika kwa mkono wa kushoto, mkono uleule wa kubania nyuzi, nami nikaona dole gumba lililokuwa limepapasa godoro langu kama parachichi likibana pua yake isininuse.

Kitu kilichonipanda kooni wakati ule hakikuwa huzuni. Nimekaa miaka mingi nikikiita huzuni kwa sababu ni neno la heshima. Kilikuwa kichefuchefu. Nilitapika hapohapo, chumvi na mahindi, juu ya miguu yangu, na watoto wakarudi nyuma wakipiga makofi.

Mama alipoona narudi vile alinivua gauni, akaniogesha mwenyewe kwa maji ya moto. Nilikaa mkavu usiku ule, na ule uliofuata, na kila usiku hadi leo. Mama aliwaambia majirani kwamba dawa ya watoto wa mtaa imefanya kazi. Sikubisha.

Jumapili nilikaa kwenye benchi la watoto nikisubiri besi ife. Wimbo wa kwanza ilipiga dum. Nikahesabu kwamba sponji bado ina maji ya zamani. Jumapili ya pili ilipiga dum. Ya tatu vilevile, ya nne. Kiangazi kikaja, vumbi likafunika mahindi na nguo na vyombo, kila kitu Baraka kikakauka, na besi ya Mjomba Asukulu ikazidi kunenepa, macho yake yamefumbwa, watu wakisema amina. Hapo ndipo nilipoelewa, si kwa maneno bali kwa tumbo, kwamba haikuwa imenihitaji. Sponji kuukuu yoyote ingetosha. Vile vikombe nilivyokunywa nimeshika ukuta havikumfaa mtu.

Nilizoea kutoka nje wimbo ukianza. Walidhani naumwa kichwa.

Alifariki mwezi uliopita. Baada ya maziko mke wake, Mama Asukulu, alikuja kwangu na gitaa limefungwa kwenye kitenge.

“Alisema ikae kwako,” akaniambia. “Alisema we ndiwe unaijua.”

“Hakusema kingine?”

“Hapana. Alisema tu vile.”

Nilimpa chai. Alipoondoka nililiegemeza gitaa ukutani, kitenge chake bado kimefungwa. Hata kutubu alimtuma mwanamke, akabebe mzigo asiojua ndani yake mna nini, anitwike mlangoni.

Kwa hiyo siku ile ya godoro la jirani, baada ya kutema, niliyaacha maharage nikaingia ndani. Nikafungua parafujo mbili kwa ncha ya kisu cha jikoni. Bati la kopo la maziwa lilikuwa limeshika kutu, ukisogeza macho unaona bado mguu wa ng’ombe aliyechorwa. Chini yake kilikuwepo, kirefu kama kidole, cheusi sasa, kingo zake zinamomonyoka. Nyuzi zilikuwa zimekikata mifereji minne. Nilikishika kwa vidole viwili. Nilikinusa, kwa kuwa yeye alikinusa. Kilinuka chuma na vumbi, na nyuma kabisa kitu kingine, au ni pua yangu tu isiyosahau. Nilikitupa chooni nikamwaga jivu juu yake, nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu, nikarudisha bati, nikakaza parafujo.

Jana vijana wawili wa kwaya walikuja kulichukua. Posho hii ni siku ya kuondoa matanga, na wanataka lipigwe mbele ya watu wote, wasikie kwa mara ya mwisho sauti aliyoipata mzee kwa kufunga siku tatu mlimani. Mpiga besi wao mpya, kijana mwenye shati lililofungwa hadi shingoni, alikuwa na bafli ndogo ya betri begani. Akachomeka palepale uani, akafumba macho, akadonoa uzi mnene.

Ukalia mrefu, mwembamba, wa bati. Kuku hawakusogea. Akadonoa tena, akainamisha sikio, akanitazama.

“Yaya Neema,” akasema, akiniita dada mkubwa kwa heshima, “iko na nini? Kuko kitu kinakosa ndani?”

Nilikuwa nimeshika ungo wa maharage. Nilimtazama vizuri, machoni.

“Ni panya,” nikamwambia.